Maji ya Oksijeni na Metali Isiyopungua

Msomaji mpendwa, iko chupa moja ndogo ambayo yamkini umepata kuiona. Ni chupa ya rangi ya kahawia, nayo huuzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia vidonda. Maji yaliyomo hayana rangi, na mtu asiyeambiwa angeweza kuyadhania kuwa ni maji ya kisimani. Lakini tone moja likidondoka juu ya kidonda, povu jeupe hufura papo hapo, kama povu la maziwa yaliyosahauliwa motoni. Maji hayo huitwa peroksidi ya hidrojeni. Yakiachwa katika chupa yake hukaa miezi mingi bila ya kubadilika sana. Yakikutana na damu, au chembe za fedha, au unga mweusi wa oksidi ya manganizi, huvunjika mara moja yakawa maji ya kawaida na hewa ya oksijeni. Na ajabu ni kwamba hiyo fedha, au huo unga, hubaki vile vile ulivyokuwa. Haupungui wala hauchakai, na ukiongezwa maji mengine, kazi huanza upya.

Katika insha hii nataka tuifuate historia ya jambo hilo. Ni historia ya miaka mia mbili na zaidi. Imepita katika vyumba vya wanachuoni, katika vita, chini ya bahari na juu ya mawingu, na njiani imepita pia katika pwani yetu wenyewe.

Habari inaanzia Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka 1818. Alikuwako huko mtaalamu wa kemia aitwaye Louis Jacques Thénard. Hakuzaliwa katika ukwasi. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kijiji cha La Louptière, ambako alizaliwa mwaka 1777. Alikuja mjini akiwa kijana maskini mwenye kiu ya elimu, akapanda daraja kwa daraja hata akawa profesa. Katika mwaka huo niliouta­ja alikuwa akichanganya peroksidi ya bariamu na asidi mbalimbali. Kwanza alidhani kwamba amepata asidi za namna mpya, zilizoongezewa oksijeni. Hakuridhika na dhana hiyo, bali aliendelea kuchunguza, akatambua kwamba kilichoongezewa oksijeni si asidi bali ni maji yenyewe. Kwa hiyo akayaita kwa lugha yake maji yenye oksijeni.

Jina hilo lilimfaa yule aliyebuniwa nalo. Kila molekuli ya maji ya kawaida ina atomi mbili za hidrojeni na atomi moja ya oksijeni. Molekuli ya peroksidi ina atomi mbili za hidrojeni na atomi mbili za oksijeni, na kiungo kinachozishika hizo atomi mbili za oksijeni pamoja ni kiungo dhaifu. Peroksidi ni kama mzigo uliowekwa ukingoni mwa rafu: umetulia, lakini umetulia mahali pabaya. Ukipata wa kuugusa, utaanguka, na katika kuanguka kwake utatoa joto na oksijeni.

Thénard alitaka kujua ni vitu gani vinavyoweza kuugusa mzigo huo. Akajaribu kimoja baada ya kingine. Aliona kwamba fedha, platini na dhahabu zilizosagwa huyavunja maji yake kwa nguvu. Aliona kwamba oksidi ya manganizi hufanya vivyo hivyo. Aliona pia kwamba fibrini, yaani zile nyuzinyuzi za damu iliyoganda, huyavunja maji hayo, ijapokuwa fibrini si metali wala haina undugu na metali. Akaandika mambo mawili ambayo nakuomba uyashike, maana tutayarudia. La kwanza, vingi katika vitu hivyo havikubadilika baada ya kazi. La pili, metali iliyosagwa ikawa laini sana hufanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko kipande kizima cha metali ile ile. Sababu yake hakuijua, na hakujisingizia kuijua. Aliyaeleza aliyoyaona kwa uangalifu, akawaachia waliokuja baada yake.

Si yeye peke yake aliyeona mambo ya namna hiyo katika siku zile. Katika mji wa St. Petersburg, mtaalamu Kirchhoff alikuwa amekwisha kuonyesha, miaka michache kabla, kwamba wanga ukichemshwa pamoja na asidi kidogo hugeuka kuwa sukari, na asidi hubaki. Mwaka 1817 Humphry Davy wa Uingereza aliona waya wa platini uking'aa kwa joto ulipowekwa katika mchanganyiko wa hewa na gesi inayowaka, ingawa hapakuwa na moto. Mwaka 1823 Johann Wolfgang Döbereiner, katika mji wa Jena huko Ujerumani, alielekeza mkondo wa hidrojeni juu ya platini iliyokuwa na vitundu kama sifongo, na hidrojeni ikashika moto. Kutokana na jambo hilo alitengeneza taa iliyojiwasha yenyewe pasipo kiberiti, nayo ilitumika katika nyumba nyingi za Ulaya.

Basi palikuwa na mambo manne au matano yaliyotawanyika kama shanga zisizo na uzi. Aliyezitunga shanga hizo alikuwa mwanachuoni wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius. Mwaka 1835 alisema kwamba wanga wa Kirchhoff, waya wa Davy, sifongo ya Döbereiner na maji ya Thénard, vyote ni mifano ya jambo moja: kuwapo kwa kitu ambacho huamsha mabadiliko katika vitu vingine, na chenyewe kisiingie katika mazao ya mwisho. Akaliita jambo hilo katalisi, kwa neno lililotokana na Kiyunani. Sisi kwa Kiswahili kitu chenyewe twakiita kichocheo, na ni jina zuri, kwa sababu achocheaye moto si lazima awe kuni.

Lakini, msomaji wangu, kulipa jambo jina si kulieleza. Berzelius alisema juu ya nguvu ya katalisi bila ya kuweza kuonyesha nguvu hiyo ni nini. Ilipita miaka mingine sitini hivi kabla Wilhelm Ostwald, Mjerumani aliyezaliwa Riga, hajaliweka jambo wazi. Alisema kwamba kichocheo hubadili mwendo wa mabadiliko tu. Huharakisha yale ambayo yangetokea hata bila yake, japo polepole. Hakiwezi kulifanya lisilowezekana likawezekana. Kwa kazi yake katika mambo hayo Ostwald alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1909.

Ili kuyafahamu maneno ya Ostwald, hebu fikiri juu ya jahazi lililosimama nje ya mwamba, likitaka kuingia bandarini. Bandari ipo, na upepo unaelekea huko, lakini mwamba umezuia. Chombo kikingoja bamvua kubwa, huenda kikapita juu ya mwamba, ila kitangoja siku nyingi. Akija rubani aujuaye mlango wa mwamba, atakiongoza chombo kwa njia nyepesi, na kabla jua halijachwa kitakuwa kimetia nanga. Kisha rubani huyo hurudi nje kukichukua chombo kingine, na kingine, na kingine. Hakuzidi wala hakupungua, na hakuna shehena aliyoila.

Metali hufanya kama rubani huyo. Kila molekuli ya peroksidi, kabla ya kuvunjika, haina budi kupata nguvu ya kutosha kukikata kile kiungo cha oksijeni na oksijeni. Katika chupa iliyotulia ni molekuli chache mno zinazoipata nguvu hiyo. Lakini molekuli ikitua juu ya uso wa platini au fedha, atomi za metali huishika na kukilegeza kiungo chake, nacho hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Baada ya hapo maji na oksijeni hubanduka, mahali palipokuwa pameshikwa huwa wazi, na molekuli nyingine hutua. Jambo hilo hutendeka upesi mno, mara nyingi zisizohesabika, juu ya chembe moja ya metali.

Sasa twaweza kuelewa lile jambo la pili aliloliandika Thénard, kwamba metali iliyosagwa ina nguvu kuliko iliyo nzima. Kazi yote hufanyika juu ya uso, na atomi zilizofichwa ndani ya kipande hazigusi kitu. Chukua mchemraba wa metali wenye urefu wa sentimita 1 kila upande. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ukate uwe michemraba midogo ya milimita 1; utapata michemraba 1,000, na nyuso zake zikijumlishwa ni sentimita 60 za mraba. Endelea kuikata mpaka kila upande uwe sehemu moja katika elfu ya milimita. Nyuso zake sasa zitakuwa mita 6 za mraba, nazo zatosha kutandika sakafu ya chumba kidogo. Na metali ni ile ile, haikuongezwa hata chembe.

Walakini unga laini una tabu zake. Huchukuliwa na maji yanayopita, hujikusanya mabonge, na ukipata joto kali chembe zake huungana zikawa kubwa tena. Ndiyo sababu watu walitafuta kitu cha kuubeba. Katika miaka ile ile ya 1820 wanakemia walianza kuchanganya platini na udongo, wakaufinyanga uwe vijibonge. Huo ndio mwanzo wa kile kinachoitwa kichocheo chenye tegemeo. Tegemeo ni kitu kigumu chenye vitundu vingi, kama udongo uliochomwa, makaa, au alumina, ambayo gramu moja tu yaweza kuwa na nyuso za ndani zaidi ya mita 100 za mraba. Metali hutandazwa juu ya nyuso hizo katika chembe ndogo mno, kila moja mbali na mwenzake, kama karafuu zilivyotandazwa juu ya mkeka: zikirundikwa, za chini hazilioni jua, zikitandazwa, kila moja hupata haki yake. Kwa njia hii metali ya thamani kubwa, ambayo mtu angeihitaji kwa kilo, hutumika kwa gramu.

Na ile fibrini ya damu? Fumbo lake lilifumbuliwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mwaka 1899 Georg Bredig, aliyefanya kazi Ujerumani, alitengeneza maji yenye chembe za platini ndogo zisizoonekana kwa jicho, akaona kwamba huivunja peroksidi kama ifanyavyo damu. Na zaidi ya hayo, sumu za namna moja, mathalan ile ya sianidi, huzima nguvu ya damu na nguvu ya platini pia. Mwaka 1901 Oscar Loew, aliyekuwa akichunguza majani ya tumbaku kwa ajili ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, alitangaza kwamba katika miili ya mimea na wanyama kimo kichocheo cha asili ambacho kazi yake ni kuivunja peroksidi. Akakiita katalesi. Miili yetu wenyewe hutengeneza peroksidi kidogo kidogo katika shughuli zake za kila siku, na isingalikuwa katalesi na wenzake, ingalitudhuru. Povu unaloliona juu ya kidonda ni alama ya ulinzi huo.

Mpaka hapo historia yetu ilikuwa ya amani. Tone la dawa ya kidonda lina peroksidi ya asilimia 3 tu, na lita moja ya maji hayo hutoa lita 10 hivi za oksijeni, na vuguvugu kidogo. Lakini peroksidi ikizidishwa nguvu mpaka ikawa ya asilimia 80 au 85, habari hubadilika. Ikikuta kichocheo, joto litokalo hutosha kuyageuza maji yake yote kuwa mvuke, na mchanganyiko wa mvuke na oksijeni hufika mamia ya digrii za Selsiasi. Kioevu kilichotulia huwa upepo wa tanuri kufumba na kufumbua.

Aliyelifanya jambo hilo kuwa mtambo ni Mjerumani Hellmuth Walter, aliyefanya kazi Kiel. Aliwaza kwamba chombo cha chini ya maji hakiwezi kuvuta hewa, lakini kikibeba peroksidi hubeba mvuke wake na oksijeni yake pamoja. Mwaka 1940 nyambizi yake ya majaribio ilikwenda chini ya maji kwa mwendo wa zaidi ya maili 25 za bahari kwa saa, wakati nyambizi nyingine hazikufika 10. Peroksidi ilitumika vile vile katika roketi iliyoitwa V-2, iliyofaulu kuruka mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1942. Si peroksidi iliyoisukuma roketi ile. Kazi yake ilikuwa kuchanganyika na permanganeti, ikatoa mvuke wa kuzungusha turbini, na turbini ikaendesha pampu za kusukumia mafuta yake.

Hapana budi tuseme ukweli wote. Roketi zile ziliangushwa juu ya London, Antwerp na miji mingine tangu Septemba 1944, zikaua maelfu ya watu. Na waliolazimishwa kuziunda katika mahandaki ya Ujerumani walikuwa wafungwa, ambao maelfu yao pia walikufa kwa njaa, maradhi na mateso. Kichocheo hakichagui kazi. Mkono ndio unaochagua.

Baada ya vita, mataifa yaliyoshinda yaliichukua elimu ya Walter. Uingereza ilikuwa mojawapo, nayo ilitaka kuitumia peroksidi katika topido, ile silaha iendayo chini ya maji kama samaki. Tarehe 16 Juni 1955, asubuhi, nyambizi ya Kiingereza iitwayo Sidon ilikuwa imefunga kando ya meli nyingine katika bandari ya Portland. Topido ya majaribio ilikuwa imekwisha kuingizwa ndani. Mtambo wake ukaanza kazi kabla ya wakati, bomba la peroksidi likapasuka, na kioevu kikamwagikia metali zilizokuwa ndani ya topido. Mlipuko ukatokea. Wanabahari 12 walikufa. Daktari kijana wa ile meli ya jirani, aliyeingia katika moshi kuwaokoa majeruhi, akafa wa 13. Nyambizi yenyewe ilizama pale pale bandarini muda mfupi baadaye. Waingereza waliziacha topido za namna hiyo.

Fikiri kidogo, msomaji. Kile kilichowaua mabaharia wale hakikuwa siri mpya. Kilikuwa kimeandikwa na Thénard mwaka 1818: metali huivunja peroksidi. Tofauti ilikuwa kwamba Thénard alitia unga kidogo katika gilasi kwa kukusudia, na ndani ya Sidon metali na peroksidi zilikutana pasipo kukusudiwa, kwa wingi, mahali pasipokuwa na pa kutokea.

Walakini wataalamu hawakuitupa peroksidi. Walitambua kwamba usalama wake wategemea kukiweka kichocheo mahali pake na kukizuia kisiwepo mahali pengine. Permanganeti ya majimaji iliacha masalio yaliyoziba mirija. Kwa hiyo Waingereza na Wamarekani waligeukia kichocheo kigumu. Walichukua nyavu za waya, wakazipaka fedha, wakazishindilia nyingi pamoja ndani ya mrija mfupi. Peroksidi huingia upande mmoja ikiwa kioevu, na hutoka upande wa pili ikiwa mvuke na oksijeni ya moto mkali. Fedha ile ndiyo hii hii itengenezwayo bangili na pete. Ilibidi pia peroksidi iwe safi, kwa maana dawa zinazotiwa ili kuitunza katika chupa zikiwa nyingi hushika juu ya uso wa fedha na kuulemaza.

Roketi ya Kiingereza iitwayo Black Arrow ilitumia njia hiyo. Oksijeni ya moto iliyotoka katika nyavu ilikutana na mafuta ya taa, nayo mafuta yakawaka yenyewe bila ya cheche. Tarehe 28 Oktoba 1971, kutoka Woomera huko Australia, roketi hiyo ilipeleka angani setilaiti iitwayo Prospero. Serikali ilikuwa imekwisha kuamua kuufuta mpango wenyewe, na hadi leo Prospero ndiyo setilaiti pekee ya Uingereza iliyorushwa kwa roketi ya Uingereza.

Angani peroksidi ilipata kazi nyingine ya upole zaidi. Chombo kilicho mbali na hewa hakiwezi kugeuka kwa mbawa wala kwa usukani. Chahitaji vijibomba vya kupuliza gesi upande mmoja ili kigeuke upande wa pili. Tarehe 20 Februari 1962, Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, chombo chake kiligeuzwa kwa vijibomba vya peroksidi iliyopitishwa juu ya kichocheo. Kimoja kilipoharibika, Glenn aliacha uongozi wa mtambo akakiongoza chombo kwa mkono. Miongoni mwa vituo vya duniani vilivyosikiliza safari ile, kimoja kilikuwa katika kisiwa cha Unguja.

Na hapa Kenya jambo hilo lilitufikia karibu zaidi. Katika bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma yaliyoitwa San Marco. Kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi 9 za Kimarekani za namna ya Scout zilirusha setilaiti kutoka hapo. Scout iliwaka kwa mafuta makavu, na mafuta hayo yakishawashwa hayazimiki wala hayageuziki. Kilichoisawazisha roketi hiyo, daraja lake la pili na la tatu lilipokuwa likiwaka huko juu, kilikuwa vijibomba vya peroksidi ya hidrojeni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimiza miaka 7 ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka majukwaa hayo setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake. Ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, na kwa msaada wake wataalamu walitunga orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo. Jambo ambalo mwana wa wakulima wa Kifaransa aliliona katika gilasi yake mwaka 1818 ndilo lililoisaidia Uhuru kushika njia yake juu ya bahari yetu.

Natamani hadithi ingalikoma hapo. Lakini tarehe 12 Agosti 2000, katika bahari ya Barents, nyambizi ya Urusi iitwayo Kursk ilipatwa na milipuko miwili ikazama na watu wote 118 waliokuwamo. Uchunguzi wa serikali ya Urusi, uliotangaza matokeo yake mwaka 2002, ulisema kwamba chanzo kilikuwa topido ya mazoezi iliyovuja peroksidi. Miaka 45 ilikuwa imepita tangu Sidon. Funzo lililolipiwa kwa roho za watu 13 katika bandari moja halikutosha kuwalinda watu 118 katika bahari nyingine. Wakati ule ambapo Waingereza walijifunza, mataifa yalikuwa yakifichana mambo ya silaha, na elimu ifichwayo haimwonyi jirani.

Hata hivyo peroksidi ingali inafanya kazi. Roketi za Urusi za namna ya Soyuz, ambazo ni za ukoo wa ile iliyompeleka Yuri Gagarin angani tarehe 12 Aprili 1961, zaendesha pampu zake kwa peroksidi iliyovunjwa na kichocheo. Tena wako watu wavaao lenzi ndogo juu ya mboni za macho. Usiku huzitia katika kikombe chenye peroksidi ya asilimia 3 ili vijidudu vife. Lakini peroksidi hiyo ingeunguza jicho; kwa hiyo ndani ya kikombe mna kijisahani cha plastiki kilichopakwa platini. Usiku kucha platini huivunja peroksidi pole pole, na ifikapo asubuhi yamebaki maji ya chumvi yasiyodhuru. Kijisahani hicho ni kichocheo chenye tegemeo, ndugu wa zile nyavu za fedha zilizorusha Prospero. Kimoja hunguruma, kingine husafisha lenzi kimya kimya kando ya kitanda.

Mwisho, nakuachia kazi ndogo. Siku moja katika maabara ya shule mtatengeneza oksijeni kwa peroksidi na unga mweusi wa oksidi ya manganizi, na mwalimu atawaonyesha kijiti chenye kaa kikiwaka upya ndani ya hewa hiyo. Wanafunzi wengi hukitazama kijiti, wakafurahi, wakaenda zao. Wewe muombe mwalimu ruhusa ya kuupima unga kabla ya kuutia. Na kazi ikiisha, uuchuje, uukaushe vizuri, kisha uupime tena. Utaona kwamba uzito ni ule ule, ila kwa ule mdogo utakaokuwa umepotea katika karatasi ya kuchujia. Hapo utakuwa umesimama mahali aliposimama Thénard, nawe utakuwa umeona kwa macho yako kile ambacho wengine walikidharau wakaangamia, na wengine walikizingatia wakafika angani.